Mikono Inayolea Panya wa Maabara

Dawa mpya ikishapatikana, anayepigwa picha ni mwanasayansi. Anasimama kando ya hadubini, koti jeupe limenyooka, na jina lake linaingia vitabuni. Kuna mtu mwingine ambaye hakuitwa kwenye picha: yule aliyefika asubuhi na mapema, akabadili viatu mlangoni, akapita kizimba baada ya kizimba akihesabu watoto wa panya, akimwaga maranda ya zamani, akiandika kwenye kadi. Makala hii ni ya kumsifu huyu wa pili. Kila ninaposoma habari za ugunduzi mkubwa wa tiba, nikichimba kidogo nakuta kazi ya mfugaji imelala chini yake. Kulea panya wa maabara ni ufundi kamili, wenye kanuni na magwiji wake, na majaribio mengi ya tiba husimama au huanguka kwa ufundi huo.

Ugumu wa kwanza ni kupata panya wanaofanana. Panya wa ghalani ni kama sisi, kila mmoja na urithi wake. Ukiwapa dawa panya wawili, mmoja akapona na mwingine akafa, hujui kama tofauti imeletwa na dawa au na damu ya ukoo. Mtafiti anahitaji panya mia wanaofanana kwa jeni kama mapacha, na panya wa namna hiyo hawaokotwi popote. Hupatikana kwa kupandisha kaka na dada wa mzao mmoja, kisha watoto wao kaka na dada, na kuendelea hivyo bila kuruka kizazi. Vikitimia vizazi 20, zaidi ya asilimia 98 ya urithi wao huwa imekuwa sawa, na hapo ndipo ukoo unapoitwa ukoo safi. Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21. Watoto huachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu, na hupevuka wakiwa na wiki sita hadi nane. Kwa hesabu hiyo vizazi 20 huchukua miaka kadhaa, na katika miaka yote hiyo dume mmoja wa ukoo mwingine akiingizwa kwenye kizimba kimakosa, kazi inarudi mwanzo.

Aliyeithubutu kazi hii mapema ni Clarence Cook Little, aliyeianza mwaka 1909 akiwa bado mwanafunzi wa Harvard. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba ndugu wakizaana mfululizo watadhoofika hadi ukoo ukatike. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa sababu kasoro zilizojificha hujitokeza, idadi ya watoto hupungua, na koo nyingi zinazoanzishwa hivyo hufa njiani. Mfugaji hana dawa ya kuzuia hilo. Anachoweza ni kuanzisha matawi kadhaa, kuchagua wazazi wenye afya, kuandika kila mzao na kungoja. Ukoo wa Little ulivuka bonde hilo. Ndio unaoitwa DBA, na hadi leo unafugwa katika maabara za dunia.

Lakini Little hakuwa wa kwanza kumjua panya. Harvard ilinunua panya kwa mwanamke aliyekuwa mwalimu wa shule, asiye na shahada yoyote ya sayansi. Abbie Lathrop alihamia Granby, jimbo la Massachusetts, karibu na mwaka 1900. Alijaribu kufuga kuku, biashara ikamshinda, akageukia panya wa mapambo waliopendwa na watu wa mjini. Aliwaweka kwenye masanduku ya mbao yenye majani makavu, akawalisha shayiri na biskuti, na katika kilele cha kazi yake alikuwa na panya zaidi ya 11,000. Wingi huo haukumpofusha. Aliandika kwenye madaftari yake nani kazaa na nani, na koo zipi zina tabia zipi. Alipoona vidonda visivyo vya kawaida kwenye ngozi za baadhi yao, aliwapelekea wanasayansi, na Leo Loeb wa Pennsylvania akamthibitishia kuwa ni saratani.

Hapo mfugaji akawa mtafiti. Kuanzia miaka ya 1910 Lathrop na Loeb walitoa makala za kisayansi kwa majina yao wote wawili. Walionyesha kwamba saratani ya matiti hutokea zaidi katika baadhi ya koo kuliko nyingine, na kwamba majike walioondolewa ovari huipata kwa nadra zaidi. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba homoni zinahusika na ugonjwa huo. Lathrop alifariki mwaka 1918. Mwaka 1921 Little alichukua jike namba 57 wa asili ya Granby, akampandisha, na uzao wake ukatoa ukoo wa panya weusi uitwao C57BL/6, ambao leo ndio unaotumika zaidi duniani. Mwaka 2002, panya wa ukoo huo ndiye aliyekuwa mamalia wa pili, baada ya binadamu, kusomwa ramani yake ya jeni, na karibu kila jeni yake ikaonekana kuwa na mwenzake ndani yetu.

Tuingie sasa chumba cha wanyama tuone kazi yenyewe. Mtunzaji anafunua kizimba ambamo jike amezaa usiku. Watoto wamelala kwenye tundu la karatasi iliyochanwachanwa, wekundu, bila manyoya, macho yamefumba. Hawagusi kwanza. Anainama na kutazama ubavu wa kushoto wa kila mmoja. Ngozi ya siku ya kwanza ni nyembamba kiasi kwamba maziwa yaliyo tumboni huonekana kwa nje kama doa jeupe. Mwenye doa amenyonya. Asiye na doa hadi jioni hatavuka usiku, na hapo uamuzi lazima ufanyike haraka. Mtunzaji anamtafuta mama mwingine aliyezaa siku ileile, ikiwezekana mwenye rangi tofauti ili watoto wa kulea wasichanganyike na wa kuzaa. Anawaviringisha wageni kwenye maranda ya kizimba kipya mpaka washike harufu yake, kisha anawaingiza katikati ya wenyeji. Mama akirudi kwenye tundu ananusa, analamba, anawafunika wote. Mtoto ambaye huenda ni wa mwisho wa ukoo wake ameokolewa na mtu aliyejua mahali pa kutazama.

Wiki tatu baadaye ndio wakati wa kuwatenga na kuwapa namba. Madume huenda kizimba chao na majike chao. Kila mmoja hutobolewa sikio kwa koleo ndogo, na mahali pa tundu ndipo penye namba: ukingoni ni hii, katikati ni ile, sikio la kulia na la kushoto yana hesabu tofauti. Kipande kidogo cha sikio kinachobaki kwenye koleo hakitupwi. Huwekwa kwenye kichupa chenye namba ileile na kupelekwa kupimwa vinasaba. Kwa hiyo tendo moja linampa panya utambulisho na papo hapo linathibitisha nasaba yake, bila kumsumbua mara mbili.

Harufu nayo ni elimu nzima. Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza, Hilda Bruce, alieleza kwamba jike aliyepandishwa karibuni akikutanishwa na dume mgeni, mimba changa huharibika. Harufu peke yake inatosha. Mtunzaji asiyejua hili anaweza kuhamisha madume ovyo na kushangaa kwa nini majike hawazai. Anayejua huitumia harufu kwa faida. Majike wakikaa pamoja muda mrefu bila dume, mzunguko wao husinzia. Ukiwatilia kiganja cha maranda yaliyolaliwa na dume, huamka, na wengi wao huwa tayari kupandwa usiku wa tatu. Hivyo mtafiti anayehitaji mimba za umri mmoja hupewa mimba hizo kwa wakati, na hakuna sindano iliyotumika.

Baada ya pua, jicho. Katika majira ya joto ya mwaka 1949, kwenye maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine, ambayo Little aliianzisha mwaka 1929, walionekana panya wachache waliokuwa wakinenepa kupita wenzao wote. Wakikua, uzito wao ulifika karibu mara tatu ya kawaida. Mfugaji wa biashara angewatupa kama mbegu mbovu. Watunzaji wa Jackson waliwatenga, wakachunguza wazazi, wakapandisha na kuhesabu, mpaka wakathibitisha kwamba unene ule unarithiwa kupitia jeni moja. Miaka ya baadaye ukapatikana ukoo wa pili, nao mnene, lakini wenye kisukari kikali.

Douglas Coleman, wa maabara hiyohiyo, aliunganisha mizunguko ya damu ya panya wawiliwawili kwa upasuaji. Panya mnene wa ukoo wa kwanza alipounganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula. Panya wa kawaida alipounganishwa na yule wa kisukari, alisusa chakula hadi akafa kwa njaa. Coleman akahitimisha kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachouambia ubongo kuwa mwili umeshiba: ukoo wa kwanza hauwezi kukitengeneza, wa pili hauwezi kukisikia. Wengi walisita kumwamini, naye aliendelea kuzitunza koo zake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waliipata jeni yenyewe, na homoni yake ikaitwa leptini. Kufikia mwaka 1999 iliripotiwa kwamba mtoto aliyezaliwa bila homoni hiyo, ambaye njaa yake haikuwa na mwisho, alipewa leptini na uzito wake ukaanza kushuka. Kutoka panya aliyetengwa mwaka 1949 hadi mtoto huyo kupata nafuu ni nusu karne ya kadi zilizoandikwa vizuri.

Mkono nao una athari zake. Kwa vizazi vingi panya walinyanyuliwa kwa mkia, na kila mtu aliona ni sawa. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia hupata wasiwasi na kumkwepa mtu, lakini anayeingizwa kwenye bomba fupi au kubebwa kwenye viganja vilivyokunjwa hutulia na humsogelea mtunzaji mwenyewe. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Montreal lilionyesha kwamba hata harufu ya mwanaume chumbani huwatia panya mfadhaiko unaobadilisha jinsi wanavyoonyesha maumivu. Na mapema zaidi, mwaka 1999, maabara tatu za Marekani na Kanada zilichukua koo zilezile, vifaa vilevile na saa zilezile za kazi, zikafanya vipimo vilevile vya tabia, na baadhi ya majibu bado yakatofautiana. Panya anapokea kila kinachomzunguka: mkono, kelele, mwanga, maranda, chakula. Mtunzaji akiwa mkali au mzembe, ukali na uzembe wake huingia kwenye takwimu, na mtafiti anaweza kuuita matokeo ya dawa.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki na Kongo, kisa kinachotuhusu zaidi ni cha malaria. Vimelea vya malaria ya binadamu havimshiki panya, na kwa muda mrefu dawa zilijaribiwa kwa ndege. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walitangaza kwamba wamepata vimelea vya malaria kwenye damu ya panya wa vichakani huko Katanga. Vikaitwa Plasmodium berghei. Damu hiyo ilipodungwa kwa panya weupe wa maabara, vimelea vilishika, na kwa mara ya kwanza watafiti wakawa na malaria ya mamalia wanayeweza kumfuga kwa wingi.

Kuvifuga vimelea hivyo kulidai ufundi wake. Njia rahisi ni kutoa tone la damu kwa panya mgonjwa na kumdunga mzima, na hivyo hivyo kila baada ya siku chache. Lakini vikihamishwa kwa sindano pekee kwa muda mrefu, vimelea hupoteza uwezo wa kutoa zile chembe zinazoingia kwa mbu. Mfugaji stadi hana budi kuvirudisha mara kwa mara kwenye njia yake ya asili: panya, mbu, panya. Hapo ndipo kazi ilipokwama kwa miaka mingi. Mbu waliuma panya wagonjwa, lakini vimelea havikukomaa ndani yao kama ilivyotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1960 Meir Yoeli na Jerome Vanderberg, wakifanya kazi mjini New York, walionyesha kwamba tatizo ni joto. Vimelea vya nyanda za juu za Katanga vimezoea ubaridi wa vichaka vya kando ya mito. Mbu wakiwekwa kwenye nyuzi 19 hadi 21 hivi, vimelea hukomaa vizuri. Kwenye joto linalofaa malaria ya binadamu, haviendelei. Kumbe ilibidi kuitii hali ya hewa ya Katanga ndani ya chumba cha New York.

Matunda yalikuja haraka. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake walichukua vimelea kutoka kwa mbu hao, wakavidhoofisha kwa miale ya eksirei, wakawadunga panya. Panya wale wakapata kinga. Ilikuwa dalili ya wazi kwamba chanjo ya malaria inawezekana. Utafiti uliofuata ulimulika protini inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu, na juu ya protini ya namna hiyo, ya vimelea vya binadamu, ndipo ilipojengwa chanjo ya RTS,S. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio yake makubwa. Mwaka 2019 ilianza kutolewa kwa watoto wa Malawi, Ghana na Kenya, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi.

Vimelea hivyohivyo vilikuwa kwenye meza ya Tu Youyou mjini Beijing. Timu yake ilijaribu dondoo za mitishamba mingi kwa panya wenye malaria, na mara nyingi matokeo hayakuridhisha. Tarehe 4 Oktoba 1971, dondoo namba 191, iliyotolewa kwenye mmea wa Artemisia annua bila kuuchemsha, ilisafisha vimelea vyote kwenye damu ya panya. Kutoka hapo ikazaliwa artemisinini, ambayo jamaa zake zimo ndani ya dawa mseto tunayopewa zahanati. Ukimwona mtoto ameamka baada ya homa, jua kwamba njia ya kumponya ilipita kwenye kizimba.

Ufundi huu umewahi kukaribia kupotea. Oktoba 1947 moto wa msituni ulishuka Bar Harbor na kuiteketeza maabara ya Jackson pamoja na karibu panya wake wote. Koo ziliokoka kwa sababu moja: maabara hiyo ilikuwa imewagawia wengine panya wake kwa miaka mingi. Watafiti wa sehemu mbalimbali waliwarudisha, na ufugaji ukaanza tena. Baadaye kukapatikana kinga nyingine. Mwaka 1972 David Whittingham, Stanley Leibo na Peter Mazur waligandisha viinitete vya panya kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, wakaviyeyusha, wakavipandikiza, na panya hai wakazaliwa. Leo koo muhimu zina akiba kwenye nitrojeni ya kimiminika, na ujuzi huohuo ulisaidia kufungua njia ya kuhifadhi viinitete vya binadamu kwa wazazi wanaotafuta mtoto.

Sifa hizi haziniondolei uzito wa jambo. Panya anasikia maumivu, na wengi wao hufa kwa ajili yetu. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo sasa ni dira ya kazi hii: mnyama asitumike palipo na njia nyingine, watumike wachache iwezekanavyo, na anayetumika apunguziwe mateso. Mtunzaji ndiye anayeipa misingi hiyo mikono na miguu. Yeye ndiye wa kwanza kuona manyoya yaliyosimama, mgongo uliopinda, jicho lililofinya, na yeye ndiye mwenye wajibu wa kusema basi, huyu ametosha. Vilevile panya ana mipaka. Dawa ya thalidomaidi iliwaletea maelfu ya watoto ulemavu wa viungo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye ilidhihirika kwamba panya hawadhuriki nayo kirahisi kama sungura au binadamu. Panya hutoa ushahidi. Hukumu hungoja majaribio mengine, ya hatua kwa hatua.

Panya mwenyewe ameshakumbukwa. Mjini Novosibirsk, Urusi, amejengewa sanamu iliyozinduliwa mwaka 2013, akiwa amevaa miwani na kufuma uzi wa vinasaba. Sasa zamu ni ya mtunzaji. Vyuo na taasisi zetu zinapopanga fedha za utafiti, zianze na chumba cha wanyama: hewa safi, umeme usiokatika, maranda makavu, na mtu aliyesomeshwa kazi hiyo na kulipwa kama fundi. Na wewe mtafiti unayeandika makala yako, uliza ni nani aliyewalea panya wako, kisha uliandike jina lake.